Msolo wa Kwenye Sinia

Vijana wangu wa kitaluni, mna tabia moja itakayonimaliza kabla ya siku zangu. Mnanijia nyumbani na mti uliokwisha kukatwa, mnauweka barazani, halafu mnauliza, "Babu, hapa tumekata sawa?" Hilo si swali. Hiyo ni taarifa ya msiba. Njooni na mti wenye matawi yake yote. Tuketi, tuuzunguke, tunywe chai, tuuzunguke tena, ndipo tushike mkasi. Tawi likishaanguka halirudi hata kwa gundi, na ninalijua hilo kwa sababu gundi nimewahi kuijaribu.

Mmeniomba niseme nilivyoingia kwenye kazi hii ya kupunguza na kukunja miti midogo ya vyomboni. Wengi wenu mnadhani nilipelekwa ng'ambo kuisomea. Wapi! Niliisomea hapahapa Masasi, juu ya sinia la biriani, na mti wangu wa kwanza nusura uninyime mke.

Nilihitimu chuo cha kilimo miaka ile ya ruksa, soko huria lilipokuwa linabisha hodi. Waliotutangulia walipewa cheti mkono wa kulia na barua ya ajira mkono wa kushoto. Sisi tulipewa cheti, tukanyoosha na mkono wa kushoto, ukabaki hewani. Nikarudi kwetu Newala, nikakaa wiki chache nikihesabiwa ugali kwa macho, kisha nikateremka Masasi kutafuta riziki.

Masasi ilikuwa imechangamka kama mtu aliyepata miwani. Maduka yalikuwa na redio, vitenge vya kila rangi na sabuni zilizonukia mpaka barabarani. Korosho zilikuwa na wanunuzi wapya waliokuja na magari yao, na wanunuzi hao walihitaji mahali pa kulala. Ndiyo sababu Mzee Saidi, mfanyabiashara wa Kiyao aliyekuwa na duka la vifaa vya baiskeli, alijenga gesti ubavuni mwa nyumba yake, pembeni mwa mji, mkabala na vilima vya mawe.

Sharti niwaambie nilivyokuwa siku hizo, maana bila hilo hamtaelewa lolote. Nilikuwa mtu wa wasiwasi. Nikitumwa chumvi, nilifika dukani nimekwisha kujiuliza kama wanataka ya mawe au iliyosagwa, na kama ni iliyosagwa, kwa nini hawakusema, na kama hawakusema, je, ni mtihani? Chuo kilinipa maarifa, lakini pia kilinipa majina ya magonjwa mengi mno kwa kijana wa aina yangu.

Mzee Saidi alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam na kalenda. Kwenye kalenda kulikuwa na picha ya mti mdogo ndani ya chombo kifupi, shina nene limepinda kama la mti wa miaka mingi, lakini mti wote ungeweza kuubeba kwapani. Aliniita akanionyesha.

"Wewe umesoma miti?"

"Nimesoma, Mzee."

"Hata midogo?"

"Midogo hukua, Mzee."

"Huu sitaki ukue," akasema. "Nataka ukae hivihivi, mapokezi, mgeni akiingia ashangae kabla hajauliza chumba."

Nilikubali kwa sababu nilikuwa na njaa. Kisha nikaenda nyuma ya gesti, nikakaa juu ya tofali, nikaanza kuogopa.

Mti niliupata palepale kiwanjani. Wakati wa kusafisha eneo, Mzee Saidi alikuwa ameukata msolo mkubwa uliosimama hapo tangu kabla ya mji kufika. Mama yake, Bi Ziada, alinuna muda mrefu kwa ajili ya msolo ule, na alikuwa na sababu. Wazee wa Kiyao wakitaka kujua kama jambo litakuwa na heri, safari au ndoa, jioni humimina unga wa mtama chini ya msolo, kidogokidogo kupitia vidoleni, hadi usimame kama kichuguu chenye ncha. Asubuhi huenda kuutazama. Ukiwa umesimama, wazee waliotangulia wameridhia. Ukiwa umebomoka, jambo lingoje. Mzee Saidi alikuwa kwenye kamati ya msikiti, na mambo hayo alijifanya hayaoni. Lakini kukata alikata, na mama yake akabaki hana pa kumimina.

Basi kwenye mzizi, karibu na kisiki, lilikuwa limeota chipukizi. Lilikuwa limekanyagwa na mafundi, likaliwa na mbuzi, likapinda, likanenepa chini. Kwangu lilikuwa zawadi. Jueni hili: mti ulioteswa kidogo ndio unaofaa. Mti ulionyooka kama mlingoti una kiburi, utakusumbua. Nikalichimba na udongo wake. Bi Ziada alipopita akaliona mikononi mwangu, alisimama, akavua kandambili, akaliamkia kama mtu. Nikaona ni heshima ya mtu mzima kwa mti wa zamani. Sikufikiri zaidi, na hiyo ndiyo mara moja maishani mwangu ambapo nilipaswa kufikiri zaidi.

Msaidizi wangu, au tuseme mimi nilikuwa msaidizi wake, kwa maana hatukuwahi kukubaliana, alikuwa Fundi Likwata wa Mkunya, kule juu Newala. Alikuwa mchonga vinyago aliyeletwa kuchonga milango ya gesti. Mzee Saidi alisema, "Huyu anajua umbo, wewe unajua uhai. Shirikianeni." Tulishirikiana kama paka na mkia wake.

"Mimi nikiukata mpingo," Fundi alisema, "unanyamaza. Kesho nikirudi naukuta palepale nilipouacha. Huu wako nimeukata juzi, leo umenijibu kwa machipukizi mawili. Una adabu gani mti huu?"

Na kweli, vijana, hilo ndilo somo la kwanza la mkasi. Ukikata ncha moja, macho mawili ya chini, yaani vichipukizi vilivyolala, huamka. Kwa hiyo usikate kwa hasira. Tafuta jicho linalotazama upande unaotaka tawi liende, kata juu yake kidogo, mkato ulale ili maji yasituame. Ukitaka tawi litoke nje, chagua jicho la nje. Fundi alikuwa akikata kwa kufuata umbo alilokuwa nalo kichwani, na mti ulikuwa unamchokoza kwa kutoa tawi upande wa pili kabisa. Nilimkuta asubuhi moja akiufokea: "Nilikuambia kushoto!"

Mimi nami nilikuwa na yangu. Tulipata waya wa shaba kwa fundi wa kusuka mota, tukauchoma motoni ulegee, nikauzungusha kwenye shina ili ulipinde kuelekea vilima. Nilivyo mtu wa wasiwasi, niliogopa utafunguka, nikaukaza. Halafu nikaogopa kuufungua, kwani je, kama mti utarudi ulikotoka? Nikauacha mpaka gome likaanza kuumeza. Alama ile ya mzunguko ilibaki shinani kama mkufu, na baadaye wageni wa gesti walikuwa wakiisifu, wakidhani ndiyo ustadi wenyewe. Ninyi msiige. Waya ukikaa, pitisha ukucha kati yake na gome. Ukucha ukikwama, fungua siku hiyohiyo, tena ukate kipande kwa kipande, usiuzungushe kuurudisha, utavunja macho yote.

Chombo kilikuwa sinia la bati la zamani la Bi Ziada, lililokwisha kupakuliwa biriani ya karamu nyingi. Tulilitoboa kwa msumari, tukaweka changarawe kutoka chini ya vilima, tukauchekecha udongo mpaka ukabaki wa punjepunje. Mizizi mirefu niliikata na kuacha ile myembamba kama nywele, maana hiyo ndiyo inayokunywa.

Na hapo kwenye kunywa ndipo palipokuwa na vita. Fundi Likwata alikuwa mtu wa uwanda wa juu kusiko na maji, alikulia mahali ambapo mama yake aliteremka bondeni alfajiri na kupanda na ndoo kichwani jua limeshatoka. Kwake maji ya kumwagia mti usiozaa hata tunda la kula yalikuwa wazimu.

"Kopo zima?" alikuwa akiniuliza. "Kopo zima, Mtaalamu? Hayo ningeoga mimi, nikamwogesha na mbuzi."

"Fundi, udongo wa sinia ni kidogo, unakauka upesi. Usipoumwagia utakufa."

"Misolo yote ya porini nani anaimwagia?"

Nilipokwenda Newala msibani, nilimwachia mti. Niliporudi, majani yalikuwa yamejikunja kama karatasi ya kufungia bizari. Fundi akasema alikuwa anaufundisha uvumilivu. Nikauokoa kwa kuuweka kivulini na kuuzungushia magunia mabichi, na tangu siku hiyo nikawa nafika mwenyewe kila alfajiri kuumwagia, kabla ya mtu yeyote kuamka.

Sasa, msije mkadhani nilikuwa nawahi hivyo kwa mapenzi ya mti peke yake.

Mzee Saidi alikuwa na mpwa wake, Zuhura, mtoto wa dada yake, aliyekuwa akishona mashuka na mapazia ya gesti kwenye cherehani barazani, hatua chache kutoka kwenye meza ya mti wangu. Mama yake aliishi Lupaso, yeye alilelewa na bibi yake. Alikuwa na ulimi wa sindano. Siku ya kwanza kunisemesha alisema, "Bwana Mtaalamu, tangu asubuhi umeuzunguka huo mti kama mwali anayechezwa. Kata basi, au uupe mkono wa kwaheri." Nikakata tawi lisilo lenyewe. Akacheka mpaka uzi ukakatika. Hapo ndipo gundi ilipoingia, na hapo ndipo nilipokwisha mimi.

Tulielewana. Nikamtuma baba yangu mdogo apeleke posa. Kwa Wayao, kama kwetu Newala, wenye neno ni mjomba na bibi wa upande wa mama, yaani bosi wangu na mama yake. Baba mdogo alirudi na jibu: "Wamesikia. Watatujibu."

Watatujibu! Mnajua neno hilo linamfanya nini mtu anayeweza kupotea kwenye chumvi? Nilianza kupima kila kitu. Mzee Saidi akiniitikia salamu kwa "Marahaba" fupi, nilikosa usingizi. Akiitikia kwa "Marahabaa" ndefu, nilijiuliza kwa nini amerefusha. Nikawa najiambia kwamba kila kitu kitategemea mti. Ukipendeza siku ya kufungua gesti, nitapewa Zuhura. Ukifa, nirudi Newala nikauze karanga.

Na mti ukaanza kuugua.

Ulikuwa msimu wa baridi, wakati mikorosho inatoa maua na kila mkulima wa wilaya nzima anatafuta ubwiri. Mnaujua ubwiri unga, ule weupe unaokaa kwenye maua na majani machanga, ukiuachia, mwaka huo huna korosho. Mji mzima ulikuwa unanuka salfa, dawa yake. Basi alfajiri moja nafika na kopo langu, naona chini ya shina la msolo kuna weupe. Umejikusanya pale mzizi unapoingia udongoni, mwepesi, laini, kama ubwiri wenyewe.

Nikatafuta mswaki wangu wa zamani, nikausugua weupe ule taratibu, nikaukusanya nilioweza kwenye karatasi, nikautupa mbali. Nikamwagia maji. Sikumwambia mtu, kwani nani angemwoza mtu ambaye mti wake mmoja tu una ugonjwa?

Baada ya siku kadhaa ukarudi. Safari hii nilikwenda na pampu ya baiskeli kutoka dukani kwa Mzee Saidi, nikaupuliza mpaka haikubaki hata chembe. Fundi Likwata alinikuta napiga pampu.

"Unaujaza upepo?"

"Ni ugonjwa, Fundi. Ukungu. Unatokea usiku."

Akainama, akatazama. "Hiyo ni chokaa ya ukuta," akasema kwa uhakika wa mtu aliyepaka chokaa maisha yake yote. Nikatazama ukuta. Ulikuwa wa matofali ya kuchoma, haujawahi kuona chokaa. Lakini kwa namna nilivyokuwa, nilikaa nusu siku nikifikiria chokaa inaweza kutoka nyumba gani na kwa upepo gani.

Majani nayo yakaanza kuwa mekundu. Hapo nikajua mwisho umefika. Leo ningewaambia kwa utulivu kabisa kwamba msolo hupukutisha majani kila mwaka, na kwanza huwa mwekundu mzuri ajabu, msiushikie bango. Lakini siku ile sikuwa na utulivu wa kumgawia mtu. Weupe uliporudi tena, nilimwomba jirani mwenye mikorosho salfa kidogo ndani ya kibiriti kitupu, nikainyunyiza kote, shinani, udongoni, kwenye weupe wenyewe, mpaka sinia likawa la manjano kama limepakuliwa pilau.

Siku hiyo Bi Ziada alichungulia nje asubuhi, akarudi ndani, hakutoka tena mpaka adhuhuri. Mzee Saidi aliitikia salamu yangu kwa kichwa tu, bila Marahaba fupi wala ndefu. Na Zuhura alikuwa anashona shuka moja na jingine pamoja bila kujua.

"Kuna nini?" nikamnong'oneza.

"Bibi analia."

"Nani amefariki?"

"Hajafariki mtu. Ni posa yako." Akafuta jicho kwa ncha ya shuka. "Tangu ulete posa, Bibi anamimina unga kuuliza. Mara ya kwanza asubuhi akakuta umebomoka. Akasema labda amekosea kumimina. Mara ya pili haukuwepo kabisa, umefutika. Jana amemimina tena, leo umegeuka manjano! Hajawahi kuona wala kusikia. Anasema wazee wamekasirika mno na wewe, hajui umewakosea nini."

"Anamimina wapi?" nikauliza, ingawa miguu yangu ilikuwa imekwisha kujua.

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto aliyeuliza jua liko wapi. "Si kwenye msolo. Mkubwa mjomba ameukata. Bibi anasema huo wako ni mtoto wake, damu moja. Nawe ndiye uliyemnyanyulia juu ya meza, anashukuru, hainami tena, kiuno kinamuuma."

Vijana, mimi desturi ile nilikuwa naijua kama ninavyoijua barabara ya Newala. Lakini nilijua kwa mti wa kukaliwa kivuli. Kwamba mtu anaweza kuwauliza wazee wake juu ya sinia la biriani, hilo halikuwa limeingia kichwani mwangu pamoja na mambo yote mengine yaliyoingia. Nikakaa chini palepale. Nikamweleza Zuhura habari ya mswaki, pampu na salfa.

Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Akajiziba mdomo kwa pazia la chumba namba sita.

"Nikamwambie Bibi," nikasema.

"Thubutu! Utamwambia umewanyunyizia wazee wake dawa ya mikorosho? Sikiliza. Leo jioni anamimina mara ya mwisho, amesema mwenyewe. Ukibomoka, kesho mjomba anamjibu baba yako mdogo kwamba haiwezekani. Kwa hiyo una kazi moja tu."

"Ipi?"

"Usifanye kazi. Usije. Usimwagie. Usiguse. Unaweza?"

Nikasema naweza. Jioni nikamwambia Fundi Likwata, "Kesho sitakuja, najisikia vibaya," jambo ambalo lilikuwa kweli kabisa. Nikaenda kulala.

Alfajiri niliamka nikiwa nimekwisha kuorodhesha maadui wote wa unga: kuku, mjusi, upepo, sisimizi, paka wa gesti, mpita njia mwenye kikohozi. Nikajiambia sitakwenda. Nikajiambia nitakwenda mpaka njia panda tu. Nikajiambia njia panda na lango la Mzee Saidi si mbali hivyo. Nikafika langoni kunapambazuka, nikachungulia.

Unga ulikuwa umesimama! Chini ya msolo wangu, mweupe, ncha imechongoka kama kilele cha kilima cha nyuma yake. Na mbele yake amesimama Fundi Likwata wa Mkunya, mtu ambaye hajawahi kumpa mti tone kwa hiari yake, ameshika kopo langu kwa mikono miwili, limejaa pomoni, analiinamisha.

"Fundi, usimwage!"

Nilipiga kelele ambayo nadhani ilisikika mpaka stendi. Fundi aliruka, maji yakamwagikia miguuni mwake mwenyewe.

"Una nini wewe?" akafoka. "Kila siku unanitukana simwagii. Leo umeumwa, nimekuonea huruma, nimeamka kukumwagia mtoto wako, bado unanitukana! Mtu akufanyie nini?"

Milango ikafunguka. Bi Ziada akatoka na kanga ya sala, Mzee Saidi na msuli na tochi, Zuhura na sindano mdomoni. Nami niko katikati ya ua wao, alfajiri, mkwe mtarajiwa, nimenyoosha mikono kama golikipa.

"Kulikoni?" Mzee Saidi akauliza.

Hapo nilikuwa na majibu mengi mazuri niliyokuwa nimeyaandaa kwa siku kama hiyo. Likatoka moja. "Shikamooni. Ni mimi niliyebomoa."

"Umebomoa nini?"

"Unga. Wote."

Bi Ziada alinisogelea. "Ule wa kwanza?"

"Ni mimi, Bibi. Kwa mswaki."

"Uliopotea wote?"

"Kwa pampu ya baiskeli."

Mzee Saidi akageuka. "Pampu yangu?"

"Na manjano?" Bi Ziada akauliza, sauti imeshuka.

"Salfa. Nilidhani ni ubwiri, Bibi. Nilidhani mti unaumwa, na ukifa mtaninyima Zuhura."

Fundi Likwata alikuwa anakung'uta maji kwenye kandambili. Kisha Bi Ziada akashika ukingo wa meza, akajishusha taratibu mpaka kwenye ngazi, akaanza kucheka. Alicheka kwa kiuno, kwa mabega, kwa kanga. Akajaribu kusema akashindwa, akapunga mkono, akajaribu tena.

"Kumbe wazee wangu hawakusema neno! Posa umeikataa mwenyewe, mjukuu wangu! Nami nimelia machozi yangu bure!"

"Mimi sioni unga wowote," Mzee Saidi alisema, akizima tochi. "Naona mti tu. Lakini kama kuna mtu amekataa posa, ni haki aulizwe. Kijana, unamkataa Zuhura?"

"Simkatai!"

"Sema vizuri, isije ikawa ni ugonjwa tena."

"Namtaka, Mjomba!"

"Mjomba?" Akanikazia macho. "Nani amekuruhusu kuniita Mjomba?"

Bi Ziada akanyoosha kidole juu ya meza. Tukageuka wote, hata yeye ambaye haoni unga. Ulikuwa umesimama vilevile, ncha yake haikupungua.

"Na mimi?" Zuhura akauliza, sindano imeshatoka mdomoni. "Mimi haniulizi mtu?"

"Wewe tulikuuliza kabla ya wote," bibi yake akajibu. "Unadhani unga wa nyumba nzima nimeumaliza kwa sababu gani?"

Wakati huo kuku mwekundu akarukia mezani, akatembea ukingoni mwa sinia kama mkaguzi, akadonoa ncha. Nikaruka kumfukuza. Bi Ziada akanishika shati kwa nyuma.

"Mwache ale," akasema. "Waliotangulia wameshasema, nawe umeshasema. Aliyebaki na njaa ni kuku."